Makopo ya Mama Mkwe

Katika nyumba ya fundi wa kuchomelea, kopo la plastiki halikutupwa. Mama mkwe wake hakuruhusu. Kopo la siagi, la maziwa ya unga, yote aliyaosha na kuyasukumia kabatini. Ukifungua kabati, uruke pembeni kwanza.

Kila asubuhi alimimina maharage yanayochemka ndani ya kopo la siagi. Chai ya moto aliitia kwenye chupa ya soda, hadi chupa ikajikunja. Fundi alibeba vyote kazini akijisifu kwamba mkwe kama wake hapatikani.

Siku moja fundi alipimwa zahanati. Sukari ilikuwa imepanda. Bado kidogo tu awe mgonjwa wa kisukari. Mama mkwe alisikia, akaketi chini. Mumewe aliuawa na ugonjwa huohuo.

Kuanzia hapo chai haikutiwa sukari. Ila chupa ilikuwa ileile.

Jirani yao, muuguzi, alikuja karakana kufuata bawaba ya mlango. Alimkuta fundi anakula.

"Fundi, kopo lako limelegea."

"Ni joto tu, dada."

"Joto likiilegeza plastiki, kemikali zake zinatoka. Unadhani zinakwenda wapi?"

Fundi aliyatazama maharage. Akaacha kutafuna.

"Mwilini kuna homoni," muuguzi alieleza. "Hizo ni wajumbe. Kuna anayeuambia mwili utumie sukari, kuna anayemwambia mtoto akue. Sasa baadhi ya kemikali za plastiki zinajifanya wajumbe. Zinapeleka habari za uongo."

"Kama yule aliyenipigia simu nikachomelee geti, nikafika nikakuta kiwanja kitupu?"

"Huyohuyo. Fikiria anakupigia kila siku, miaka na miaka."

"Kwa hiyo sukari hii kaniletea mama mkwe?" fundi aliuliza, na uso ukamng'aa kidogo.

"Usimsingizie mama wa watu. Kisukari kina sababu nyingi. Kuna ukoo, kuna unene, kuna kukaa bila mazoezi. Na hizo soda zako. Kemikali hizi zinachangia tu. Tembea, acha soda, na chakula cha moto kiwekwe kwenye chuma cha pua au kioo."

"Twende ukamwambie wewe. Mimi moto nimeuzoea, mama simuwezi."

Nyumbani, mama mkwe alimsikiliza muuguzi mikono kiunoni.

"Makopo yangu ni masafi. Nayasugua mwenyewe."

"Ni masafi, mama," muuguzi alijibu. "Shida ni joto. Yatumie kuwekea vifungo au misumari, si chakula cha moto."

Mama mkwe aliingia chumbani akafunga mlango. Fundi alijua kesho atashinda njaa.

Kesho yake mchana, mama mkwe alitokea karakana. Mkononi alikuwa na bakuli la chuma cha pua lililofungwa kitambaa. Mgongoni, gunia la makopo.

"Bakuli limeniunguza vidole," alisema. "Kula. Na makopo haya yatie misumari yako. Ukitupa hata moja, nitajua."

Fundi aliacha soda. Akaanza kwenda kazini kwa miguu. Miezi ikapita, akapimwa tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Alirudi nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mama, imeshuka."

Mama mkwe aliendelea kufuta meza, ingawa ilikuwa safi. Machozi yalimlengalenga.

"Mume wangu hakuuona uzee," alisema. "Wewe utauona. Lete bakuli nikupakulie."