Koti la Msumari wa Pili

Fundi cherehani yule, mjane wa seremala, hakuwa na kawaida ya kumpima mtu jioni. Binadamu ni mrefu asubuhi kuliko magharibi, aliwaambia wateja, maana uti wa mgongo hujibana mchana kutwa. Wateja walicheka, wakadhani anatafuta kisingizio cha kufunga mapema. Alikuwa na mengi ya namna hiyo: kwamba unyayo wako ni sawa na mkono wako toka kiwiko hadi kifundo, kwamba hakuna mtu mwenye mabega yaliyolingana sawasawa. Mwili aliujua kwa futi yake ya kupimia, na futi haikuwahi kumdanganya.

Lakini jioni ile alikwenda, kwa sababu aliyemwita ni mdogo wake wa tumbo moja.

Shemeji yake alikuwa amepona. Alikuwa amelala mwezi mzima, kufa kupona, hata madaktari wakamrudisha nyumbani. Kisha, siku tisa zilizopita, akaketi kitandani na kuomba maji. Kesho alikuwa anarudi kazini, na nguo zake zote zilimkataa.

"Zimekuwa kubwa?" fundi aliuliza mlangoni.

"Fupi, dada."

Fundi akaingia ndani akiwaza. Ugonjwa humla mtu nyama, haumrefushi mifupa.

Chumbani pazia lilikuwa limeshushwa. Mdogo wake alimnong'oneza kwamba mwanga unamuumiza mgonjwa macho, tena ngozi inambanduka. Fundi akamtuliza kwamba ngozi ya kila mtu hubanduka na kuota upya, mwezi hata mwezi, ila hatuioni. Alisema hivyo huku akinusa. Kulikuwa na harufu mle ndani... ya mbao zilizotoka kupigwa randa.

Shemeji yake alikuwa karani.

Mdogo wake akaenda jikoni kutenga chai. Mwanamume akasimama, akampa fundi mgongo. Fundi akapima bega. Kumi na nane na nusu. Mkono wa kulia, ishirini na tano. Wa kushoto, ishirini na nne na robo. Bega la kushoto lilikuwa limelala kidogo...

Hakuziandika namba zile.

Alizijua. Alizishonea miaka kumi na tisa, na mara ya mwisho alizishonea suti ya kumzikia mumewe.

Futi ilimponyoka. Mwanamume aligeuza shingo polepole. Uso ulikuwa wa shemeji. Pumzi iliyomfikia sikioni ilikuwa ya baridi.

"Umekonda, mke wangu."

Fundi hakujua alifikaje jikoni. Mdogo wake alipomwona alivyopauka, alidhani amegundua siri, akakiri mwenyewe kabla ya kuulizwa. Alikwenda kwa mganga. Mganga alitaka nguo yenye jasho la mgonjwa, isiyoguswa na maji, na nyumbani zote zilikwisha fuliwa. Ndipo akakumbuka koti ambalo mumewe alilipeleka kwa fundi kubadilishwa bitana.

"Nilikuta umetoka. Nikalichukua msumarini, lile jeusi karibu na mlango. Mganga akalichoma, akaniambia mwenye jasho atarudi." Akamtazama dada yake. "Lilikuwa la mume wangu, siyo?"

Msumari wa karibu na mlango haukuwa wa wateja. Pale lilining'inia koti la marehemu, halijafuliwa miaka miwili, kwa sababu kila asubuhi fundi alilinusa kabla ya kuketi kwenye cherehani. Lilipopotea alilia siku mbili, akimlaani mwizi.

Chumbani mtu alikohoa. Kikohozi kile fundi alikuwa amekizika.

"Lake," alisema.

Alijionea haya, maana alikuwa na furaha. Furaha tele, kama ya siku ya harusi yake.

Alirudi dukani kiza kikianza kuingia. Koti la shemeji lilikuwa bado msumari wa pili, bitana yake nje, likisubiri sindano. Akalishusha.

Lilikuwa na joto.

Kwapani palikuwa na unyevu wa jasho jipya. Aliliweka mapajani, mkono juu ya kifua cha koti, na chini ya kitambaa kitu kikadunda... kikatulia... kikadunda tena. Upande wa kushoto, pale pale moyo unapokaa. Hapo akaelewa shemeji yake yuko wapi, na kwamba jasho lile ndilo njia pekee iliyobaki ya kumrudisha. Angeweza kulipeleka kwa mganga kesho. Mdogo wake angempata mumewe, na yeye angebaki na msumari mtupu.

Alikaa hivyo kitambo kirefu. Alimpenda mdogo wake. Alimlea mwenyewe, tangu mama yao alipofariki.

Kisha akainuka, akajaza beseni maji, akachukua sabuni.

Koti lilipozama, mkono wake mmoja ulijikunja, ukamzunguka kifundo. Haukukaza. Ulikuwa unaomba.

Fundi akaendelea kusugua.