Nani Anakushikia Kitambaa?

"Nani anakushikia kitambaa siku hizi?"

Mume wangu aliniuliza kwenye simu, nimeibana kwa bega, mikono imejaa maziwa yaliyoganda. Swali lilinichoma. Kumimina jibini kwenye kitambaa lichujike ni kazi ya wawili: mmoja anamimina, mwingine anashika pembe. Mshikaji wangu alikuwa yeye, mpaka alipopata kazi ya utafiti wa fizikia nchi ya mbali. Na sasa alikuwa ametoka kuniambia wanataka kumwongezea mkataba.

"Yupo anayenishikia," nikajibu.

"Nani?"

"Mtulivu mmoja. Hana maneno mengi, wala hasafiri."



"Mwanamume?"

"Profesa, nina kazi." Nikakata.

Niliringa kidogo, halafu nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia. Nyumbani kuna vikombe viwili na kila siku naosha kimoja.

Ujumbe ukaingia: "Siulizi kwa ugomvi. Ni nani huyo?"

Nikaandika: "Wewe endelea na kwaki zako."

Neno hilo ndilo lililotukutanisha. Aliingia dukani kwangu, akaona kibao cha jibini laini, "Kwaki", akacheka peke yake nikadhani mgonjwa. Akanieleza kwamba kwao wanafizikia kwaki ni kipande kidogo mno kilichomo ndani ya vitu, na haijapata kuonekana hata moja ikikaa peke yake.

"Yangu inapakwa kwenye mkate," nikamwambia.

Akanunua yote.

Siku chache baada ya simu ile, mlango wa chumba cha jibini ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa mume wangu, begi begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mtulivu wako."

Nikamwonyesha ndoo. Juu yake kitambaa, pembe zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Sijui ni mlango aliousukuma au ni kisirani tu, kimoja kikafyatuka, kitambaa kikazama, jibini likamwagika sakafuni.

"Huwa vinafanya hivi?"

"Karibu kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila ukipiga unauliza kama jibini linauzika. Hujawahi kuniuliza nakula na nani. Niko mpweke, Profesa. Nimechoka kugombana na vibanio."

Akatazama kazi yangu ya asubuhi nzima ikitiririka kuelekea viatu vyake.

"Niliapa nikimkuta mtu, narudi kusaini mkataba."

"Na ukikuta vibanio?"

Aliweka begi chini, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka viwikoni kama nilivyomfundisha zamani. Akatoa kitambaa safi kabatini bila kuuliza kilipo, akashika pembe.

"Mimina, mke wangu."

Nikainua chungu chenye maziwa yaliyoganda yaliyobaki.

"Usilegeze," nikamwambia.

"Silegezi tena."