Kibuyu Kilichooshwa

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Penye kutisha nitacheka, penye kucheka nitashika tumbo nikitafuta beseni, na wanaoijua vizuri watasema huyu jamaa angepewa ngoma apige, si mdomo aseme. Sawa. Twendeni hivyo hivyo.

Palikuwa na binti mmoja Bariadi, Nyanjige, aliyekataliwa na chuo cha famasi kwa jambo moja tu: kemia. Wakamwambia asome ile kozi ya utangulizi ya mtandaoni, aifaulu, ndipo arudi. Kozi yenyewe unasoma kwa mwendo wako, hakuna anayekukimbiza. Huo ni uongo wa kwanza. Akafika zoezi la mwisho: achemshe maji ya chumvi, anase mvuke wake, kisha akae mbele ya kamera ya simu aeleze kwa kinywa chake mwenyewe kilichotokea. Asipoeleza, hana cheti. Asipokuwa na cheti, hana chuo, atachuma pamba Nkoma mpaka meno yadondoke.

Chombo cha kunasia mvuke ndicho kilikosekana. Chupa ya plastiki ilinywea kwa joto kama shavu la mzee. Macho yake yakaangukia kibuyu chenye shingo ndefu, kimetundikwa juu ya kitanda cha bibi yake, Kija. Kilikuwa cha marehemu guku, yaani babu. Maisha yake yote alikinywea maziwa ya mgando, na alipokufa kikatundikwa na uchafu wake, maana kwa ukoo ule kibuyu cha marehemu hakioshwi. Ndani mlikuwa na utando mnene wa kijivu, umeshikana na nywele za mkia wa ng'ombe, unanuka kama kwapa la fisi.

Lakini mwalimu wa kwenye video alishasema: kabla ya zoezi, safisha vyombo vyako. Bibi alikuwa ametoka. Nyanjige akamimina maji ya moto, sabuni na mchanga, akatikisa, akasugua kwa kijiti. Utando ukachomoka mzima, ukateleza uani kama ulimi uliokatwa. Kuku, kiumbe anayekula makohozi ya watu, akaja akaunusa, akaondoka. Binti akanasa mvuke wake kibuyuni, yakabaki maelezo tu.

Kesho yake binti aliamka na kitu laini juu ya ulimi. Akakitema. Utando, wa kijivu. Akapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu, na kabla chai haijapoa, mwingine ulishaota.

Jioni alikaa mkekani akijifunza maelezo yake, akasikia sauti ya kibuyu kinasukwa, chubu, chubu, chubu, akadhani ni jikoni, akaenda jikoni, ikamfuata, akatoka uani, ikamfuata, akaziba masikio ikazidi, mpaka alipojishika uso akakuta ni mashavu yake mwenyewe yanajaa na kutikisika, na harufu ya maziwa yaliyooza tangu enzi za marehemu inapanda, na unywele mmoja mgumu unamkwaruza koromeo, akauvuta, ukaja, akauvuta, ukaja, na kila ulivyokuja ulileta donge la mtindi lenye joto la tumbo la mtu.

Akajirekodi hivyo hivyo. Simu ikamrudishia sauti ya mzee, taratibu: "Nina njaa."

Athumani, mwenye duka la jirani, aliitwa aje asome dua. Akasema ni jini, tena la Pwani kabisa, analijua. Nyanjige akapiga mbweu. Athumani akaziba pua kwa kofia, akakumbuka kuwa dukani kuna mteja.

"Jini gani la Pwani linanuka zizi?" bibi Kija akamuuliza mgongo wake. "Huyu ni mume wangu." Kisha akamgeukia mjukuu, akashusha sauti. "Ulikiosha, ng'wanawane, mwanangu?"

"Niliambiwa nisafishe vyombo."

"Ule haukuwa uchafu. Kilikuwa chakula chake. Umemmwagia, sasa kahamia kwenye shingo nyingine."

Akaitwa Malimi, mfumu, yaani mganga, wa kike kutoka Migato. Yeye hakuwa na maneno mengi: kilichotolewa kirudishwe, na kirudishwe na kinywa kilekile. Ukakorogwa mtindi, nywele za mkia na mkojo wa ng'ombe bado una povu. Nyanjige akatafuna, akatema kibuyuni, akatafuna, akatema, machozi na makamasi yakiongeza mchuzi, mpaka kuta zikashika utando. Kibuyu kikapiga mbweu. Malimi akasema haya, sasa sema maneno yako.

Akawasha kamera, akaeleza mvuke na chumvi mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, kinywa kilikuwa chepesi kama cha mtoto.

Mwalimu wa kozi akapiga simu mwenyewe. Akampongeza, amefaulu, cheti kinakuja. Halafu akanong'ona: "Ila nikuulize, dada. Tangu nikusikilize, kuna kitu kinaota ulimini mwangu. Wewe hakikukuota?"

Nyanjige akapitisha ulimi kwenye meno yake. Safi. Akakifikiria chuo.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Pole."

Mwalimu akamsimulia mkewe, akapona. Mke akamsimulia shoga yake, akapona. Shoga akaja kwangu, akanisimulia mimi, akaondoka anaimba. Mtu mwenye huruma angefunga mdomo wake, akalala na utando wake. Sasa pitisheni ulimi kwenye meno. Mkikuta kitu laini, Nyanjige hana kosa. Kosa ni langu mimi, ambaye tangu nianze kuwasimulia, kinywa kinazidi kuwa safi.