Bata Mstaafu na Kirusi Kilicholala

Kila alfajiri, kabla ukungu haujaondoka bwawani, Mama Bata alitoka na ndoo ya pumba. Aliipenda saa hiyo. Bata walielea ndani ya ukungu kana kwamba chini yao hakuna maji, na yeye mwenyewe alikuwa bado nusu yumo ndotoni. Mbele ya wote alitangulia Mstaafu, bata dume mweupe ambaye Mama Bata aliachiwa na marehemu mama yake.

Jina hilo lilitoka kwa mume wake, fundi cherehani. Fundi alisema bata huyo hafanyi kazi, anakula kwa wakati, na anaheshimiwa kuliko mwenye nyumba.

Mwaka uliopita ugonjwa uliingia bandani. Bata walishusha mbawa, wakakwepa mwanga, wakanywa maji bila kukata kiu, wakaharisha, wakafa. Mstaafu naye aliugua, lakini akapona. Basi Mama Bata akamfanya mwalimu. Kila aliponunua bata wapya, aliwapeleka kwake siku ileile, wanywe naye beseni moja ili waupate uzima wake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ni moyo wake tu.

Kundi la kwanza lilikufa. La pili lilikaa miezi miwili, nalo likafa lote. Mama Bata akaanza kuota bata wakipaa mmoja mmoja, bila sauti, hadi anga linabaki tupu. Aliamka na huzuni ya siku nzima.

Sasa alibakiwa na mayai kumi na manne aliyopewa na dada yake. Kuku alikuwa anayaatamia jikoni, nyuma ya pipa. Mama Bata alimwambia mume wake kwamba vifaranga hawa wakifa, atalibomoa banda na hatafuga tena. Fundi hakutania siku hiyo.

Jirani yao, waliyemwita Miwani, alifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya ndege. Alikuja na glavu, akamchukua bata wa mwisho aliyekufa. Kisha, kila wiki, akampitishia Mstaafu pamba kooni akaipime. Wiki ya kwanza hakukuta kitu kwa Mstaafu. Ya pili, hakuna. Ya tatu akaja mwenyewe, akaketi karibu na cherehani.

"Mama, kirusi kilichowaua wale kimo pia kwa Mstaafu."

"Mbona mzima?"

"Mzima, ndiyo. Kirusi kimelala, kinaamka mara mojamoja tu, ndiyo maana wiki mbili sikukipata. Kimejificha kwenye mishipa ya fahamu, kichwani."

Mama Bata alimtazama Mstaafu kupitia dirishani. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amefumba macho. Ilikuwa vigumu kuamini.

Miwani alichukua karatasi moja ya kukatia nguo mezani kwa fundi. Alieleza kwamba ndani ya kirusi mna jeni, yaani maagizo, kama karatasi zile. Nguo zinazoshonwa kwa kuzifuata ndizo protini. Protini moja inakisaidia kirusi kushika seli ya bata, nyingine inakisaidia kuingia. Kikilala, karibu karatasi zote zinakunjwa. Hakishoni kitu, na mwili haukioni.

"Akipata hofu, au banda likijaa wageni, kinaamka," alisema. "Kinatoka kooni na kwenye kinyesi, kinaingia kwenye maji. Wageni wanakunywa."

"Beseni moja," Mama Bata alisema polepole. "Kumbe ni mimi niliyewaua."

Miwani akairudisha karatasi mezani. "Ulikuwa hujui, mama. Sasa unajua."

Fundi aliuliza wanachofanya huko maabara. Miwani akasema wanaondoa karatasi moja moja, waone kirusi kinashindwa nini bila hiyo. Wakijua, watatengeneza chanjo bora zaidi. Lakini chanjo iliyopo sasa inafaa, akaongeza, mradi bata achanjwe akiwa mzima, kabla hajakutana na ugonjwa.

"Na Mstaafu? Nimchinje?"

"Hiyo ndiyo salama zaidi. Kama huwezi, akae mbali kabisa, peke yake. Beseni lake, maji yake, hata viatu vya kuingilia kwake. Na uwahudumie wazima kwanza, yeye mwisho."

Hakuweza. Fundi akamjengea Mstaafu kibanda nyuma ya nyumba, upande ambao maji yake hayawezi kutiririkia kwa wengine. Banda la zamani lilisafishwa kwa dawa. Bwawa lilikaushwa, likaachwa lichomwe na jua kwa wiki nyingi. Vifaranga kumi na wawili walianguliwa. Umri ulipofika, daktari wa mifugo aliwachanja, wakakaa ndani hadi alipowaruhusu watoke.

Miezi sita ikapita. Alfajiri moja ya ukungu, Mama Bata alisimama kando ya bwawa lililojazwa upya. Bata walielea kama zamani, kana kwamba chini yao hakuna maji. Aliogopa kuhesabu. Katika ndoto zake, hapo ndipo walipoanza kupaa.

Alihesabu. Kumi na wawili, na hakuna aliyepaa.

Nyuma ya nyumba Mstaafu akalia, sauti yake ya kukwaruza. Wale wa bwawani wakainua shingo, wakamwitikia. Mama Bata akafuta macho kwa upande wa kanga. Kisha akaenda kubadili viatu, ampelekee mzee chakula chake.