Mkono wa Mama Kwenye Dabke

Kila akitoka shule, Ruba alipitia ukumbi wa dabke mjini Zahle. Kwa miaka kumi na minane mama yake, Nuhad, alifundisha ngoma hiyo humo: watu hushikana mikono kwenye mstari, wakipiga miguu chini pamoja mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Sasa Nuhad ameacha. Anasomea kazi ya kutibu watu wenye huzuni na hofu kwa kukaa nao na kuwasikiliza.

"Mama yako kachoka miguu, sasa anacheza kwa mdomo!" Munir, mmoja wa wachezaji, alimtania mlangoni.

"Nyamaza, bata wewe!" Ruba akajibu. Lakini aliutamani mkono wa mama, ule wenye jasho, ndani ya mkono wake.

Jumanne simu ya nyumbani ililia. Mama alikuwa sokoni.

"Mwambie mama yako usaili wa kazi hapa kliniki si Ijumaa tena. Ni kesho saa nne asubuhi. Asipofika, nafasi atapewa mwingine."

"Nitamwambia," Ruba alisema. Hakumwambia. Mama akiikosa kazi, aliwaza, atarudi ukumbini.

Jioni Nuhad alipiga pasi gauni lake la buluu. "La Ijumaa hili," alisema. "Mwanangu, naikumbuka ngoma kila siku. Lakini unamkumbuka Samiha, aliyekuwa akilia mazoezi yakiisha? Miaka miwili nilimnyoosha mabega. Sikumuuliza hata mara moja kinachomliza."

Ruba aliweka chini mkate aliokuwa akila. "Mama, usaili ni kesho. Walipiga simu. Nikakuficha."

Nuhad alizima pasi, akakaa. Hakufoka. Alingoja tu, mpaka Ruba akasema lililobaki: "Nilitaka unishike mkono tena."

Kesho yake Nuhad alirudi ameipata nafasi ile. Hata gauni hakubadilisha. Alimshika Ruba mkono, wakaanza kupiga miguu jikoni. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

"Umekosea hatua," mama akacheka. "Nimejua kwa mkono. Lakini kule kliniki sitamshika mtu mkono, nitakuwa na maneno yake tu. Akinificha, nitamsaidiaje? Na wewe vilevile. Ukinihitaji, niambie, usinizibie njia."

"Sawa, Mama."

"Haya, mguu wa kushoto!"

Ufagio ukagonga tena.