Taa ya Saa Kumi

Fundi wa vioo alikutwa amelala kifudifudi kati ya meza ya kukatia na ukuta, mkono mmoja umebanwa chini ya kifua kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

Inspekta alipiga hatua ya kwanza ndani ya karakana, akapiga ya pili. Kwenye ya tatu, kioo cha bafuni kilichotundikwa juu ya maiti kikawaka chenyewe, mwanga mweupe pande zote nne. Koplo aliyekuwa nyuma yake aliruka nusura amkanyage daktari.

"Msiogope," alisema mshonaji wa duka la jirani kutoka mlangoni. Ndiye aliyemwona marehemu asubuhi hiyo, akapiga simu kituoni. "Kina jicho hicho. Kikimwona mtu kinawaka."

"Na jana jioni kilimwona nani?"

"Hilo mkiulize chenyewe, Afande. Mimi nilifunga duka saa kumi na moja."

Daktari wa polisi alikuwa amechuchumaa. "Pigo moja la kisogoni. Kitu cha mbao, cha mviringo, kizito. Aliyepiga ni mrefu, na marehemu alikuwa amempa mgongo. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni."

Mlango haukuvunjwa. Pochi ilikuwepo, simu ilikuwepo, mashine ya kutobolea ilikuwa mezani. Mwizi gani anaacha vyote hivyo na kuondoka na roho ya mtu tu?

Inspekta alisimama mbele ya ukuta. Ulikuwa umeandikwa kwa chaki kutoka juu hadi chini: majina ya utani, na mbele ya kila jina herufi moja.

"Hii nini?"

"Wateja wake," alisema mshonaji. "Watu wanasahau vioo vyao vimepangwaje, halafu wanampigia kulalamika. Kwa hiyo aliandika. M ni mwendo: ukisimama mbele, taa inawaka, ukiondoka, inazima baada ya dakika mbili. G ni giza: chumba kikiwa na giza inawaka hata kama hakuna mtu, na haizimi mpaka uiguse. S ni saa: inawaka na kuzima kwa muda uliopangwa. K ni kidole: haiwaki mpaka uiguse. Hiyo ni ya watu wasiopenda maajabu."

Mwalimu Mrefu, S. Baba Pacha, K. Dada Dobi alikuwa na M iliyopigwa mstari, na pembeni yake G mbichi kuliko chaki nyingine zote.

"Huyu alirudiwa," alisema Inspekta.

Koplo alikuwa ameshafungua simu ya marehemu. "Yumo hata humu, Afande. Kamwandika 'Dada Dobi Taa Inazima'. Alipiga wiki tatu zilizopita. Lakini simu ya mwisho jana saa kumi na moja na nusu imetoka kwenye namba ya mezani, haina jina."

Inspekta aliipiga namba hiyo palepale.

"Ghala, getini," ilijibu sauti nzito ya kiume.

Akakata.

* * *

Ghala hilo lilikuwa mtaa wa tatu kutoka karakana. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, palikuwa na nyumba ya ghorofa tatu, na uani mwake mwanamke anafua mashuka. Mshonaji alikuwa ameshawaelekeza: huyo ndiye Dada Dobi, na mlinzi wa lile geti ndiye mumewe.

Dobi alipowaona akainua kiganja kilichojaa povu. "Simameni hapohapo, baba zangu. Mkiwa na la kuuliza ulizeni kwa sauti, na mimi nitajibu kwa sauti. Mume wangu yuko pale anatuona."

Inspekta alitii. Alisimama hatua sita mbali, akaonyesha kitambulisho.

"Fundi wa vioo amekufa, dada. Ameuawa."

Shuka lilimponyoka likarudi majini. 

"Alikuja kwako mara ngapi?"

"Mbili."

"Mumeo anajua ngapi?"

Akaliokota shuka, akalikamua hadi likaacha kutoa tone. "Moja."

Kioo alipewa na bibi mmoja aliyekuwa akimfulia, siku bibi huyo alipohama. Mumewe aliuliza bibi ana watoto wa kiume wangapi kabla ya kukubali kiingie ndani. Siku ya kufunga alisimama mlangoni mwa bafu tangu mwanzo hadi mwisho, akamsikiliza fundi anavyoeleza: ukisimama inawaka, ukiondoka inazima.

"Sasa nikioga nyuma ya pazia, lile jicho halinioni. Taa inazima, mimi nabaki na sabuni machoni napapasa ukuta. Nikampigia. Akaja kwa dakika kumi tu, akaibadilisha iwe ya giza, akaenda zake. Hata maji hakunywa."

"Kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Afande, mume wangu nikimsalimia muuza mkaa, anauliza salamu ilikuwa na maneno mangapi."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Zamani, alipokuwa na mke nesi, aliwahi kuzijua kwa moyo dakika za kutoka wodini mpaka nyumbani, za mvua na za jua. Mke huyo sasa alikuwa wa mwalimu mmoja, nao walikuwa na watoto watatu. Aina hii ya hesabu aliifahamu vizuri.

"Jana alirudi saa ngapi?"

"Saa mbili. Siku zote anarudi saa kumi na mbili na robo. Alinawa mikono, akanawa tena. Kisha akanitazama, akasema, 'Sasa tuone kesho taa itawashwa na nani.' Sikumwelewa."

"Taa ipi?"

"Ya bafuni, labda. Tangu wapandishe ghorofa ya sita kwenye lile jengo jipya, kivuli kinaangukia dirisha langu. Ikifika saa kumi mle ndani giza, taa inawaka. Mimi nakuwa huku chini naanika. Nikipanda naigusa, inazima."

Inspekta aliinua macho. Dirisha dogo la kioo cha ukungu, ghorofa ya tatu, likitazama geti moja kwa moja. Akaangalia saa yake. Tisa na dakika arobaini.

Akageuka kuangalia getini. Fundi alikuwa maiti, na baada ya dakika ishirini taa ingewaka tena kama kawaida. Yule mtu wa getini angemtafuta nani mwingine wa kumlipizia kisasi? Hakuwa amebaki mtu ila huyu mwenye povu mikononi.

"Nyumba ina mtu?"

"Hamna. Tuko wawili tu, na hatujajaliwa mtoto."

"Panda na koplo, mkague kila chumba, taa ya bafuni iwe imezimwa. Funga mlango, funguo nipe mimi. Halafu tunavuka wote."

* * *

Mlinzi alikuwa mrefu kiasi kwamba kibanda cha getini kilimfanya ainame. Kiti chake cha plastiki hakikuelekea geti. Kilielekea dirisha.

"Shemeji zangu wapya hawa?" aliuliza, akimtazama mkewe. "Leo umeleta wawili."

"Polisi," alisema Inspekta. "Rungu lako liko wapi?"

"Limepotea."

"Lini?"

"Vitu vikipotea havisemi lini."

"Jana saa kumi na moja na nusu ulimpigia simu fundi wa vioo."

"Nilitaka kioo."

"Unacho."

"Mtu akiwa na kimoja haruhusiwi cha pili? Wengine wanaruhusiwa hata wake za watu."

Juu ya meza palikuwa na daftari la wageni, lile ambalo kila anayeingia ghalani anajaza jina, anakokwenda, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Inspekta alilifungua. Kurasa za mbele zilikuwa za madereva na wapagazi. Aliligeuza, akaanza kusoma kutoka nyuma. Mwandiko ulikuwa uleule mmoja, umenyooka, wa mtu anayejivunia kazi yake.

*Jina: hakujaza. Anakwenda kwa: mke wangu. Kuingia: saa 10:05. Kutoka: saa 10:40.*

Siku iliyofuata, 10:03 na 10:35. Siku kumi na saba, hakuruka hata moja.

"Huyu mgeni asiyejaza jina ni nani?"

Mlinzi aliinua macho dirishani. Saa ya Inspekta ilisoma kumi na dakika tatu. Kivuli cha jengo jipya kilipanda ukutani taratibu, kikalifikia dirisha, kikalifunika.

Taa ikawaka.

Mlinzi alinyanyuka hadi kichwa kikagonga paa la kibanda. Alimtazama mkewe, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akalitazama dirisha, akamtazama tena mkewe.

"Nani yumo?" Alimnyooshea mkewe kidole. "Wewe uko hapa. Nani yumo?"

"Mlango umefungwa," alisema Inspekta. "Funguo hizi hapa. Fundi yuko chumba cha maiti. Niambie wewe, nani yumo?"

"Basi ni mwingine. Mimi nilidhani ni yule." Alikaa chini, na kiti kikalia. "Niliokota penseli yake bafuni. Penseli ya fundi, imechongwa kwa kisu, wiki mbili baada ya kazi kuisha. Nikaanza kutazama. Mke wangu yuko uani, taa inawaka juu. Akipanda, taa inazima. Wewe ungeelewa nini? Siku moja niliacha geti nikakimbia. Nimefika, mtu keshatoka, taa bado inawaka."

"Kwa hiyo jana?"

"Nilimwambia nitapita akishafunga. Nikamuuliza, ulirudi kwangu? Akasema nilirudi, nilirekebisha taa. Alicheka, Afande. Akanipa mgongo achukue chaki, anionyeshe sijui nini ukutani. Nikampiga. Rungu liko kwenye pipa la maji, nyuma ya ghala."

Inspekta alimweleza. Alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa: herufi M, herufi G, pazia, sabuni machoni, ghorofa ya sita, kivuli.  Mkewe alikuwa akifuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa imekauka zamani.

"Hakuna aliyeingia," alimalizia Inspekta. "Siku zote kumi na saba. Alikuwa akikuonyesha hilo ukutani."

Mlinzi alisikiliza yote, kichwa ameinamisha. Koplo aliyaandika maelezo, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi.

Hakuisogelea.

"Umesahau kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Andika kwamba alikuwepo mtu."

"Hakuwepo."

"Andika, Afande. Nimeua. Lazima alikuwepo mtu."