Komeo la Chumba cha Tanuri

Mikate ya nyumba ile ilijulikana mtaa mzima kwa ganda lake. Ilikuwa ya kahawia na mikavu juu, na ukiugonga mkate kwa kidole ulitoa mlio kama mlango. Mwokaji aliitwa Fundi. Mkewe aliitwa Mama Mikate, na jina hilo lilimfaa, kwa sababu ndiye aliyeibeba kichwani hadi sokoni.

Chumba cha tanuri kilikuwa uani. Sheria yake ilikuwa moja. Fundi akishaingia, hushusha komeo kwa ndani ili upepo usilipige donge la unga linaloumuka. Hakuna wa kugusa mlango ule mpaka mwenyewe aite. Watoto walikua na sheria hiyo kama walivyokua na meno yao.

Kisha Fundi akaanza kusahau. Alisahau majina ya wateja, halafu chumvi, halafu hamira. Siku moja alikanda unga, akatoka, akarudi, akauliza ni nani aliyemletea donge la watu. Daktari alimpima. Akamwambia mkewe kwamba ubongo wa Fundi unanyauka, na kwamba dawa ya kuurudisha haipo.

Mama Mikate alimweleza mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa Fundi.

"Habari hiyo iishie hapa hapa, wifi," alisema yule dada. "Kaka amechoka tu. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama."

"Lakini daktari amesema..."

"Daktari hanunui mkate kwako. Funika kombe."

Kombe likafunikwa. Binti mkubwa aliacha mafunzo ya ushonaji. Kila asubuhi Fundi alipomaliza kukanda na kutoka kunywa chai, binti aliingia kwa kunyata. Alionja donge, akaongeza kilichosahauliwa, akalikanda upya. Fundi aliporudi, alilibonyeza kwa dole gumba na kutabasamu.

"Mkono huu haujazeeka," alisema.

"Haujazeeka, Fundi," alijibu mkewe.

Mtoto wa mwisho, Kitinda, alipewa kazi ya kukaa na baba yake chumbani mle. Hakuambiwa kwa nini. Aliambiwa tu, "Mpe maji akitaka." Baada ya muda Kitinda akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Mama yake alimchapa. Akamchapa tena.

Binti naye akawa anasinzia mchana.

"Hivi, Mama, mimi ni nani humu ndani?" aliuliza siku moja. "Kazi nafanya mimi, sifa anapata Baba, na nikisinzia unanigombeza."

"Yule ni baba yako."

"Sijasema si baba yangu. Nimeuliza mimi ni nani."

Mama Mikate alimpa ndoo akachote maji.

Asubuhi ya ajali, Fundi aliwasha kuni, akashusha komeo. Kitinda alikuwa ndani. Kisha Fundi akasukuma kizibo cha bomba la moshi. Kizibo kile hufungwa kuni zikishakwisha kuwaka na makaa kutolewa. Siku hiyo kuni zilikuwa ndiyo kwanza zinashika.

Mama Mikate aliona moshi ukitoka chini ya mlango.

"Fundi," aliita. "Moshi huo."

"Bado," Fundi alijibu. "Sijaita."

Kitinda alikohoa. Binti alichukua shoka la kupasulia kuni. Mama yake akamshika mkono.

"Ngoja. Baba yako atafungua."

Wakangoja. Kitinda akakohoa tena, sasa karibu na sakafu.

"Fundi, tafadhali, inua komeo."

"Komeo gani?" iliuliza sauti ya mumewe.

Kukohoa kukakoma. Binti alijinasua, akaupiga mlango kwa shoka mpaka ukapasuka.

Fundi alitoka macho yamemwiva, akiuliza ni nani aliyeuharibu mlango wake. Kitinda alikuwa amelala chini ya meza ya kukandia. Walimtoa kwenye hewa safi, wakamkimbiza zahanati. Alipona. Lakini sauti yake ilirudi ikikwaruza, na daktari alisema huenda ikabaki hivyo.

Kitinda alipotoka zahanati, mhudumu wa afya alikuja kumwangalia nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimpima mtoto, akautazama mlango uliopasuka, akaomba watu wote wa nyumba wakae. Wifi naye aliitwa. Fundi alikaa kando akikunja magunia matupu.

Alipowauliza, walimweleza yote. Habari ya Kitinda kukojoa kitandani aliisema Binti, kwa sababu mama yake aliiruka.

"Njooni kwenye meza hii," alisema mhudumu. "Mama, Binti, wifi, na mimi. Kila mtu ashike pembe yake. Inueni."

Meza ilikuwa nzito. Iliinuka kidogo. Mhudumu, bila kusema neno, akaachia pembe yake. Meza ikainama upande wa Binti, naye akapepesuka.

"Uzito umepungua?" mhudumu aliuliza.

"Umekuja kwangu," alisema Binti. "Ungesema basi."

"Ningesema, ungefanya nini?"

"Ningejipanga. Tungesogea, tushike sisi watatu."

Waliishusha.

"Hivyo ndivyo familia ilivyo," alisema mhudumu. "Mmoja akiachia, mzigo wake hauanguki chini. Unahamia kwa wengine. Msipoambiana, unamwangukia mtu bila kupimwa. Kwa huyu mkubwa ukawa uchovu. Kwa huyu mdogo ukatokea kitandani. Mama, ulikuwa unauchapa mzigo, si mtoto."

Mama Mikate alitazama chini.

"Pigo likiingia nyumbani, yatazameni mambo matatu. La kwanza ni pigo lenyewe. Ugonjwa huu hamkuuchagua. La pili ni nguvu mlizo nazo. Binti anajua kazi, shangazi yake ana afya, majirani wapo, zahanati ipo. La tatu ni jina mnalolipa pigo. Ninyi mliliita aibu. Basi nguvu zote zile zikakaa bure, maana mtu haombi msaada kwa jambo alilosema halipo."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza mtoto," alisema wifi.

"Umeumiza kwa kuficha. Hata wengine walificha. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kilikuwa mlangoni."

"Yeye yupo," Mama Mikate alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Unataka nimzike mzima?"

"Hapana. Yupo, na hayupo. Ndiyo maana ni vigumu kuliko msiba. Kwenye msiba watu hulia, kisha hugawana kazi. Hapa hamkulia wala hamkugawana. Mwachieni kazi anayoiweza. Kazi inayoweza kuua mpeni mwingine, na atajwe waziwazi kuwa ndiye. Na mtoto aambiwe ukweli. Mtoto asipoelezwa, hujieleza mwenyewe."

Hapo Kitinda akasema kwa sauti yake mpya, "Nilificha kofia ya Baba. Tulikuwa tunacheza. Akaitafuta, akaitafuta. Toka siku hiyo anasahau."

Mama Mikate alimvuta mtoto mapajani, akamweleza ugonjwa kwa maneno yale yale ya daktari, na kwamba kofia haikuhusika. Alilazimika kurudia mara kadhaa.

Mlango mpya ulitengenezwa bila komeo. Kuni, kiberiti na kizibo cha bomba vikawa chini ya Binti. Wifi alikuja kila alasiri kukaa na kaka yake, na saa hizo Binti akarudi kwenye ushonaji. Majirani waliambiwa, na baadhi yao wakazoea kumrudisha Fundi alipopotea njia. Wapo wateja waliohama. Mmoja alisema haogopi mkate ila anaogopa kula usahaulifu. Kitanda cha Kitinda kilikauka, taratibu.

Fundi alipewa kazi ya kuviringa madonge. Mikono yake iliijua kazi hiyo bila kuuliza kichwa. Ugonjwa haukusimama. Ulichukua majina ya siku za wiki, kisha jina la Binti.

Asubuhi moja Fundi aliinua uso. Binti alikuwa amerusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, akiutazama ubadilike rangi. Ukiwa mweusi mara moja, moto ni mkali. Ukiwa kahawia polepole, ni wakati wa mikate.

"Yule ni nani?" Fundi alimuuliza mkewe.

Zamani Mama Mikate angesema, "Anakusaidia tu, tanuri ni lako, Fundi."

"Yule ndiye mwokaji."

Fundi alitazama kwa makini.

"Nani kamfundisha?"

"Wewe."

"Basi anajua," alisema, akarudi kwenye madonge yake.

Binti hakugeuka. Unga ulikuwa umeshakuwa kahawia. Akaingiza mikate.